Ndoo ya Pili

Jaji Eino Rautio alikula chakula cha mchana peke yake, mlango umefungwa, kwa karibu miaka ishirini. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naufunga huo mlango.

Nilikuwa karani wake wa mahakama. Kabla ya hapo nilikuwa mpakiaji wa madini ya chuma bandarini hapa Port Harlan, mchana nikijaza meli za ziwani, jioni nikisoma katika darasa la watu wazima juu ya maktaba ya mji, vumbi jekundu bado limenikaa kwenye kucha. Cheti changu nilikitundika ukutani nyumbani na hakijawahi kupinda. Nayasema haya ili ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kuokota maneno barabarani.

Mahakama ya Shirikisho katika mji wetu ina ukumbi mmoja na jaji mmoja. Majaji wengine wa jimbo la Minnesota wako Minneapolis na St. Paul, mbali, na barabara ikishashika barafu safari hiyo inakula siku nzima. Jaji wa aina hii huteuliwa na Rais, na akishaapa hukaa mpaka afe au achoke mwenyewe. Watu wakisikia hivyo hudhani ni raha tupu. Siku Rautio alipoapishwa, jaji mzee aliyekuwa anampisha alimvalisha joho, akamwinamia sikioni, na kwa kuwa nilisimama karibu nilisikia.

"Hongera, kijana. Sasa utaona simu yako inavyojua kunyamaza."

Rautio alicheka. Wakati huo alikuwa bado na marafiki.

Mkubwa wao alikuwa wakili Matija Skubic. Walizaliwa mtaa mmoja wa nyumba za wachimba madini, mmoja mtoto wa Wafini, mwingine wa Waslovenia. Walisoma pamoja, wakaenda vitani pamoja, wakarudi kufungua ofisi za sheria zilizotazamana. Kwenye kiwanja cha Rautio, kando ya ziwa dogo, walijenga sauna kwa mikono yao: kibanda cha magogo, ndani jiko la kuni lililorundikiwa mawe, na mabenchi ya kukalia uchi mkitoka jasho. Kwetu Jumamosi bila sauna si Jumamosi. Mawe yakishashika moto unayamwagia maji kwa kata, mvuke unapanda, na wiki nzima inakutoka mwilini. Wawili hao walikuwa na ndoo mbili, kila mtu yake, kwa sababu hawakuwahi kukubaliana juu ya maji.

"Wewe unamwaga kama unazima nyumba inayoungua," Rautio alikuwa akimwambia.

"Na wewe unamwaga kama padri anayebariki kichanga," Skubic alimjibu. Mji mzima uliujua ugomvi huo.

Kisha Rautio akawa jaji, na nusu ya kesi za ukumbi wake zilikuwa za Skubic.

"Nifanye nini, Bwana Dahlquist?" aliniuliza wiki ile ya kwanza, ingawa hakuwa akiniuliza. "Nikioga naye Jumamosi na nikampa ushindi Jumatatu, yule aliyeshindwa atasema nini? Na nikijitoa katika kila kesi yake, zote zitapelekwa Minneapolis. Nani atamchukua wakili wa namna hiyo? Nitamfukarisha."

Nilisema ni jambo gumu. Lilikuwa gumu kweli.

Jumamosi hiyo Skubic alikwenda na taulo lake begani kama kawaida. Bomba la sauna halikutoa moshi. Akagonga mlango wa nyumba. Rautio alikuwa amekaa jikoni, mapazia yameshushwa, akimsikiliza anavyogonga. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye, kwa sauti ya mtu anayesoma mwenendo wa kesi ya watu wengine. Skubic alisubiri kidogo, akaondoka, na hakurudi tena.

Krismasi ile mke wa Skubic, Frances, alileta mkate ofisini kwetu. Ilikuwa potica, mkate wao wa kukunja wenye kokwa za jozi na asali, ambao alikuwa akimpelekea Rautio kila mwaka tangu Rautio afiwe na mke wake. Jaji aliutazama mezani, umefungwa kwa kitambaa cheupe, bado una joto.

"Urudishe," akasema.

"Mheshimiwa, ni mkate tu."

"Mume wake ana kesi kwangu mwezi ujao. Urudishe, Bwana Dahlquist. Tafadhali."

Nikaurudisha. Frances aliupokea mlangoni, akanitazama usoni, si kwa hasira. "Mwambie Eino ajaribu kula vizuri," akasema. Sikumwambia.

Miaka ikaenda. Alikuwa jaji mzuri, na mimi nimewaona wengi. Alisoma kila karatasi. Hakupandisha sauti. Kabla ya kumfunga mtu, sheria inamtaka jaji amuulize kama ana la kusema, na majaji wengi huliuliza hilo swali huku wanatafuta kalamu. Rautio aliweka kalamu chini. "Una la kusema kabla sijatoa hukumu?" Kisha alingoja. Nimeona majangili wakubwa, watu wenye shingo kama fahali, wakilia kwa sababu ya kule kungoja kwake.

Akiingia mkahawani mawakili walinyamaza, wakaanza kuzungumzia hali ya hewa. Akaacha kuingia mkahawani. Binti yake alikuwa mbali, jimbo la Oregon, na alipiga simu kila Jumapili. Sikukuu za mji alikaribishwa kukaa mbele, kwenye kiti chenye jina lake, na viti vya pande zote mbili vilibaki vitupu kwa heshima.

Mgongo wake ulipoanza kumsumbua, nikawa nampelekea kuni Jumamosi na kuzipanga nyuma ya sauna. Hakuwahi kunikaribisha ndani. Sikutegemea, jaji na karani wake hawavui nguo pamoja. Lakini mlango ulipokuwa wazi niliona zile ndoo mbili kando ya jiko, zote zimejaa maji.

"Unatumia zote mbili, Mheshimiwa?" nilimuuliza siku moja.

"Hapana," akasema.

Frances Skubic alipofariki, jaji aliniomba nimwendeshe mazikoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulisimamisha gari nje ya uzio wa makaburi, mbali na magari mengine. Alivua kofia yake ndani ya gari, akaishika magotini, akatazama kioo kinavyofunikwa na mvua. Nilitaka kuwasha vifuta-kioo aone vizuri, akanizuia mkono. Padri alipofunga kitabu, akasema, "Twende, kabla hawajageuka."

Kesi iliyoleta yote ilikuja vuli moja, baada ya Skubic kutangaza kwamba hiyo ndiyo ya mwisho kwake. Wazee waliostaafu mgodini walikuwa wameahidiwa matibabu mpaka kufa. Mgodi ukauzwa, na wenye mgodi wapya wakayakata hayo matibabu. Skubic aliwasimamia wazee. Kesi ya namna hiyo haina jopo la raia. Jaji peke yake husikiliza na kuamua. Na wengi wa wazee wale walikuwa na mapafu mabovu, hawakuwa watu wa kungoja.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Arvid Lund, aliyepasua miamba tangu ujana wake, aliketi mstari wa mbele na mtungi wake wa hewa kwenye kigari.

"Arvid," nikamnong'oneza, "usije ukawasha kiko humu na huo mtungi. Utatulipua."

"Nikilipuka nitakuwa nimeipunguzia kampuni gharama," akasema. "Kaa mbali, Vern, suti yako ni nzuri mno."

Jaji akaingia, tukasimama, tukakaa. Wakili wa kampuni, Bi. Thayer, mwanamke mrefu kutoka Minneapolis, akabaki amesimama.

"Mheshimiwa, nina ombi ambalo silifurahii. Tangu nifike mjini hapa nimeambiwa, na watu zaidi ya mmoja, kwamba Mheshimiwa na Wakili Skubic ni marafiki wa tangu utoto. Nimeambiwa pia kuna..." akasita, "kibanda cha kuogea walichojenga pamoja."

Wazee wakaguna kwa kicheko.

"Naomba Mheshimiwa atueleze hali ilivyo. Na kama urafiki huo upo, naomba ajitoe."

Lilikuwa ombi la haki. Jaji akageuka upande wa pili. "Wakili Skubic, una jibu?"

Skubic akainuka polepole. Alikuwa amenenepa, na nywele zake zote zilikuwa zimehamia kwenye nyusi.

"Ninalo, Mheshimiwa. Kibanda kipo. Misumari ya paa niliipigilia mimi, ndiyo maana halivuji." Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. "Ila Bi. Thayer amechelewa karibu miaka ishirini. Tangu huyu bwana avae hilo joho hajakanyaga nyumbani kwangu, wala mimi sijakanyaga kwake. Mke wangu alimletea mkate, akaurudisha. Mke wangu akafa, nikamzika, nikawaangalia watu waliokuja mmoja mmoja. Hakuwepo. Kama huo ni urafiki, Bi. Thayer, mimi nitafurahi sana kupata maadui."

Akakaa.

Jaji akatangaza mapumziko mafupi. Nilimfuata ofisini kwake na kufunga mlango kama siku zote. Alisimama dirishani, anatazama gati la madini.

"Ulikuwepo makaburini," akasema.

"Nilikuwepo, Mheshimiwa."

"Nikikubaliana na aliyoyasema, naikataa hoja ya Bi. Thayer na kesi inaanza sasa hivi. Wazee wanasikilizwa wiki hii."

"Ndiyo."

"Nikijitoa, inapelekwa kule kusini, kwenye foleni ya jaji mwingine. Arvid Lund hatafika."

Hilo hata mimi nililiona.

"Lakini si kweli, Vern." Hakuwahi kuniita hivyo kabla. "Nikiisikiliza kesi hii, ama nitampa ushindi kwa sababu ni Matija, ama nitamnyima ili nionekane sikumpendelea. Sijui nitafanya lipi. Nimekaa pale juu miaka yote hii na siku zote nimejua. Leo sijui."

Akajifunga kifungo cha juu cha joho, tukarudi.

"Wakili Skubic ameieleza mahakama ukweli anaoujua," akasema kutoka kitini kwake. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. "Hakuujua wote. Siku ya mazishi ya Frances Skubic nilikuwa nje ya uzio wa makaburi, ndani ya gari, na niliondoka kabla watu hawajageuka. Kila Jumamosi nawasha sauna, na najaza ndoo mbili. Moja ndiyo yangu."

Mwandishi wa mwenendo wa kesi aliacha kugonga vibonye vyake, kisha akakumbuka kazi, akaendelea.

"Mtu mwenye akili zake akiyajua hayo atajiuliza kama ninaweza kusimama katikati. Mimi mwenyewe najiuliza. Ombi limekubaliwa. Najitoa."

Skubic hakutazama juu. Alikuwa anakusanya karatasi zake, na karatasi hazikukusanyika.

Alinikamata koridoni. "Miaka yote ananifungia mlango, halafu anaufungua leo! Leo, Dahlquist! Mbele ya wazee wangu!"

"Matija, punguza sauti."

"Nimepunguza sauti tangu siku uliyomrudishia mke wangu mkate wake!" Mkanda wa begani unaoshika suruali ulikuwa umemteleza, hakujali. "Kamuulize bosi wako Arvid atavuta pumzi za mkopo mpaka lini. Kamuulize!"

Kesi ikaangukia kwa jaji wa St. Paul, mtu mwangalifu mwenye kazi nyingi, akaipangia Mei. Arvid Lund alifariki Februari, ziwa likiwa limeganda mpaka upeo wa macho. Wazee waliobaki walirudishiwa matibabu yao baada ya kesi, na mjane wa Arvid alikuja ukumbini siku hiyo akiwa amevaa koti la mumewe. Lakini hayo ni ya baadaye.

Arvid alizikwa Jumamosi asubuhi. Alasiri nilipeleka kuni kama kawaida. Nilikuwa nazipanga nyuma ya sauna nilipoona gari la Skubic linakuja polepole juu ya theluji. Alishuka na suti ya mazishi. Kwenye kiti cha abiria niliona taulo limekunjwa.

"Yuko wapi?"

"Anakoka moto."

Rautio akatoka, shati na suruali tu, masizi mkononi. Wakasimama, katikati yao njia ya theluji iliyofagiliwa.

"Tumemzika Arvid," akasema Skubic.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nje ya uzio?"

"Kanisani. Benchi la mwisho."

"Nilikuona," akasema Skubic. "Nikageuka mara mbili nikidhani macho yangu ndiyo yanakufa." Akavuta pumzi. "Wazee wananiambia nikusamehe kwa sababu ulisema kweli. Mimi sina ugomvi na kweli yako ya Oktoba. Nina ugomvi na ile Jumamosi niliyogonga."

"Ningekuharibia kazi, Matija. Kesi zako zote zingekwenda..."

"Minneapolis! Najua zingekwenda wapi, mimi ni wakili! Ungeniuliza, ningekwambia zipeleke. Ningeendesha gari. Frances ana dada yake kule, mpishi hodari, ningekula kwake na kurudi Jumamosi nikiwa mnene zaidi. Tungepata pesa kidogo kuliko tulizopata, na Frances angecheka, maana alikuwa hajali. Swali moja tu, Eino!" Sauti ilimpasuka. "Kila mwizi, kila muuza unga aliyesimama mbele yako, uliweka kalamu chini ukamuuliza kama ana la kusema. Nimekaa pale nikakuangalia ukingoja majibu ya watu ambao hata mama zao hawawangoji. Mimi ulinihukumu umejificha nyuma ya mapazia."

Rautio hakujitetea. Nilimwona, yule mtu aliyekuwa na jibu la kila hoja, anatafuta neno kama anayetafuta funguo mifukoni. Moto ulikuwa unalia ndani ya jiko, na moshi unapanda wima kwenye ule ubaridi.

"Una la kusema?" akasema mwishowe. Akangoja.

"Nimeshasema."

"Lingine?"

Skubic akatazama juu, kwenye bomba. "Moshi wako mweusi. Umepewa kuni mbichi."

"Ni za Dahlquist."

"Basi Dahlquist amekuibia."

Kuni zangu zilikuwa kavu. Nilizianika tangu kiangazi cha mwaka uliopita. Lakini haukuwa wakati wangu wa kusema.

Rautio alingoja kidogo zaidi, kisha akarudi ndani, na safari hii hakuufunga mlango, aliuegemeza tu. Skubic akaingia kwenye gari lake. Nilifikiri ataliwasha. Hakuliwasha. Alikaa mikono kwenye usukani, kioo mbele yake kikiingia ukungu wa pumzi zake, mpaka sikumwona tena. Niliendelea kupanga kuni, gogo moja juu ya jingine, sijui kwa muda gani; vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu.

Mlango wa gari ukafunguka. Akapita mbele yangu bila neno, taulo begani juu ya suti ya mazishi, akainama mlangoni, akaingia.

Kisha nikasikia maji mengi, ndoo karibu nzima, yakianguka juu ya mawe, na mawe yakilia kama treni, na Rautio akipiga ukelele.

"Punguza, Matija! Unataka kuniua?"

"Nyamaza. Humu ndani huna mamlaka."

Mvuke ukatoka kwenye ufa wa mlango, ukaning'inia juu ya theluji, kisha mtu ndani akaufunga mlango vizuri. Nilimaliza kuni zilizobaki, kavu zote, nikaondoka kwenda nyumbani.